Saratani ya mlango wa kizazi: Kwa nini tezi huangaliwa kabla ya kisu

Mwanamke wa Gatina anayeambiwa kwamba saratani yake ya mlango wa kizazi imegunduliwa mapema huwa na swali moja mdomoni: atapasuliwa lini? Anatarajia kupewa tarehe. Badala yake hupewa kwanza karatasi ya kwenda kupigwa picha, na baada ya picha wapo wanaoelezwa kwamba hawatapasuliwa kabisa, bali watatibiwa kwa mionzi na dawa. Hapo ndipo uvumi huanza. Nyumbani, kwenye chama na hata kanisani, kutopasuliwa hutafsiriwa kuwa hospitali imekata tamaa. Mgonjwa anayeamini hivyo anaweza kuacha matibabu katika wiki zile zile ambazo yangemfaa zaidi.

Tafsiri hiyo si sahihi. Uamuzi wa kupasua au kutopasua hautegemei ukubwa wa uvimbe peke yake. Unategemea pia jambo lisiloonekana kwa macho wakati wa uchunguzi wa kawaida wa kliniki, nalo ni kama seli za saratani zimefika kwenye tezi za limfu au la.

Suala hili linawahusu wengi. Kwa makadirio ya mwaka 2020 ya Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, wanawake 5,236 nchini Kenya waligunduliwa kuwa na saratani ya mlango wa kizazi katika mwaka huo, na 3,211 walifariki. Ndiyo saratani inayoua wanawake wengi zaidi nchini. Wengi hufika hospitalini ugonjwa ukiwa umeshasonga mbele, na kwa sababu hiyo yule mmoja aliyewahi hastahili kupotea njiani kwa kukosa maelezo.

Mitaro na vichujio

Damu inapopita kwenye mishipa midogo, maji kidogo huvuja na kubaki katikati ya nyama za mwili. Maji hayo huitwa limfu. Hukusanywa na vijishipa vyembamba na kurudishwa kwenye damu karibu na shingo. Njiani hupitia kwenye tezi, vifundo vidogo mfano wa punje za maharagwe, ambavyo kazi yake ni kuchuja vijidudu na kupambana navyo. Mwili una mamia ya tezi hizo.

Anayeijua mitaro ya Kawangware wakati wa mvua ya masika hatapata taabu kuelewa. Uchafu unaotupwa juu ya mtaro hunaswa kwenye wavu wa kwanza, na wavu huo ukizidiwa, uchafu husogea hadi wa pili. Seli za saratani zikipenya kwenye vijishipa vya limfu hufuata mkondo huo huo. Kutoka mlango wa kizazi, mkondo huelekea kwanza kwenye tezi za nyonga, zilizojipanga kando ya mishipa mikubwa ya damu kushoto na kulia. Zikipitwa hizo, seli hupanda hadi kwenye tezi zilizo kando ya mshipa mkuu wa damu, nyuma ya tumbo, kuelekea usawa wa figo.

Tezi hizi zote ziko ndani kabisa, na mwanamke hawezi kujipapasa akazigusa. Mtoki, ule uvimbe wa kinenani ambao wengi wanaujua kwa sababu ya kidonda cha mguu, ni tezi ya jamii hiyo hiyo, lakini kinena si kituo cha kwanza cha saratani hii. Kwa hiyo kutokuwa na mtoki hakumhakikishii mtu chochote, na kuwa nao hakumaanishi kwamba saratani imesambaa.

Uwezekano wa tezi kufikiwa hutegemea kina na ukubwa wa uvimbe. Saratani ikiwa imezama milimita 3 au chini ya hapo, na haijaingia kwenye vijishipa, uwezekano huo uko chini ya mtu 1 kati ya 100. Ndiyo maana mwanamke wa kundi hilo anaweza kutibiwa kwa kukatwa kipande chenye umbo la pia tu, akabaki na kizazi chake. Uvimbe unaoonekana kwa macho ni habari nyingine. Katika utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 1990, wanawake 645 wenye saratani iliyoonekana kuishia kwenye mlango wa kizazi walipasuliwa na tezi zao zikakaguliwa. Mia moja kati yao walikutwa na saratani kwenye tezi za nyonga. Baada ya miaka 3, kati ya wale ambao tezi zao zilikuwa safi, 86 katika kila 100 hawakuwa wamerudiwa na ugonjwa. Kati ya waliokutwa nayo kwenye tezi, walikuwa 74.

Chukua basi wanawake wawili wa mtaa mmoja, kila mmoja na uvimbe wa sentimita 3, kila mmoja akiwa ameambiwa “iko mwanzo”. Mmoja tezi zake ni safi, mwingine mbili zimefikiwa. Ukiwaangalia kwa nje hawana tofauti. Lakini matibabu yao hayatafanana, na hakuna sababu ya mmoja kumshawishi mwenzake afuate njia yake.

Hatua ya kwanza inapogeuka ya tatu

Kwa miaka mingi, saratani hii ilipangwa katika hatua kwa kutegemea zaidi kile ambacho daktari angeweza kukiona na kukipapasa. Tezi hazikuhesabiwa. Sababu ilikuwa ya haki: ugonjwa huu umejaa katika nchi zisizo na mashine za picha za kutosha, na mpangilio ulipaswa kutumika Nairobi sawasawa na London. Mwaka 2018 Shirikisho la Kimataifa la Madaktari wa Wanawake na Uzazi, FIGO, lilibadilisha utaratibu. Tangu hapo, saratani ikikutwa kwenye tezi za nyonga huandikwa hatua ya IIIC1, na ikifika kwenye tezi za juu, zile za kando ya mshipa mkuu, huandikwa IIIC2, hata kama uvimbe wenyewe ni mdogo. Seli chache mno, zilizokusanyika kwa upana usiofika milimita 0.2, hazibadilishi hatua.

Mabadiliko haya yana maana yake kitabibu, lakini yameleta hofu mpya. Mwanamke aliyeingia chumba cha upasuaji akiwa hatua ya kwanza anaweza kusoma hatua ya tatu kwenye kadi yake wiki tatu baadaye, akadhani ugonjwa umekimbia mbio au daktari amekosea. Ugonjwa haukukimbia. Ulikuwepo pale pale, ila sasa umeonekana.

Tena hatua ya tatu ya namna hii si moja. Uchambuzi wa rekodi za wagonjwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2018 uliwatazama wanawake wenye saratani kwenye tezi za nyonga kwa kuzingatia uvimbe wenyewe ulikuwa umefika wapi. Wale ambao uvimbe wao ulikuwa bado kwenye mlango wa kizazi, takriban 75 kati ya 100 hawakuwa wamekufa kwa saratani hiyo baada ya miaka 5. Uvimbe ukiwa umeshavuka nje kidogo, idadi ilishuka hadi 59, na ukiwa umefika mbali zaidi, 39. Takwimu hizo ni za nchi yenye mashine na wataalamu wengi kuliko Kenya, na hazimtabirii mtu mmoja mmoja. Hata hivyo zinaonyesha kwamba tarakimu “III” peke yake haielezi hali ya mgonjwa. Lugha ya hatua iliundwa ili madaktari walinganishe matokeo, wala haikuundwa ili mgonjwa aisome peke yake kwenye benchi la kliniki.

Picha na mipaka yake

Tezi huangaliwa kwa picha ya CT au MRI. Ipo pia picha ya PET, ambayo huonyesha mahali seli zinapotumia sukari kwa wingi. Hospitali ya Rufaa ya Chuo Kikuu cha Kenyatta ni miongoni mwa hospitali za umma zenye mashine hiyo. Kwa kawaida tezi yenye upana unaozidi sentimita 1 hutiliwa shaka.

Hata hivyo picha hudanganya pande zote mbili. Saratani ya milimita mbili ndani ya tezi ndogo haionekani kwenye CT. Kwa upande mwingine, tezi kubwa si lazima iwe na saratani. Kifua kikuu huvimbisha tezi, na virusi vya HIV navyo huzivimbisha, na maradhi yote mawili yapo kwa wingi katika mitaa yetu. Wanawake wanaoishi na HIV wana uwezekano mara sita zaidi wa kupata saratani ya mlango wa kizazi, kwa hiyo daktari wa Nairobi hukutana mara kwa mara na picha ya tezi zilizovimba asijue mara moja ni kipi kimezivimbisha. Katika hali hiyo huweza kuagiza tezi ichomwe kwa sindano nyembamba, au itolewe, ili ipimwe maabara. Mgonjwa anayeona anarudishwa kwa kipimo kingine asichukulie kwamba anazungushwa.

Kisu au mionzi

Utafiti uliofanywa Italia na kuchapishwa mwaka 1997 ulilinganisha upasuaji na mionzi kwa wanawake waliogunduliwa mapema. Baada ya miaka 5, walionusurika walikuwa sawa katika makundi yote mawili, 83 kati ya 100. Tofauti ilikuwa kwenye madhara. Walioumia zaidi ni waliopasuliwa, kwani wengi wao iliwalazimu kupata mionzi pia baadaye. Kibofu, utumbo na miguu vilibeba mzigo wa tiba mbili badala ya moja.

Hiyo ndiyo sababu ya jibu linalowashangaza wengi. Kama picha inaonyesha wazi kwamba tezi zimefikiwa, kumpasua mgonjwa kisha kumpeleka kwenye mionzi ni kumwongezea maumivu bila kumwongezea maisha. Daktari huchagua kuanza moja kwa moja na mionzi ikiambatana na dawa ya sisplatini, ambayo tangu mwaka 1999 ndiyo njia iliyothibitika kwa kundi hili. Hiyo ni tiba kamili, inayotolewa kwa nia ya kuponya.

Kama tezi zinaonekana safi na uvimbe haujafika sentimita 4, upasuaji ndio chaguo la kawaida kwa mwenye afya ya kuustahimili. Hutolewa kizazi pamoja na nyama za pembeni, na tezi za nyonga hutolewa ili zikaguliwe. Faida yake kwa mwanamke kijana ni kwamba mayai yake yanaweza kuachwa, ilhali mionzi huyazima na kuleta ukomo wa hedhi kabla ya wakati. Anayetaka kuzaa bado, na uvimbe wake hauzidi sentimita 2, aulize kama inawezekana kuondolewa mlango wa kizazi pekee. Si kila hospitali inafanya upasuaji huo, lakini swali linafaa kuulizwa kabla ya kisu.

Jambo jingine la kuuliza ni njia ya kupasua. Kidonda kidogo huvutia. Lakini utafiti wa kimataifa uliotolewa mwaka 2018 ulikuta kwamba waliofanyiwa upasuaji huu mkubwa kupitia matundu madogo walirudiwa na ugonjwa zaidi: baada ya miaka minne na nusu, waliokuwa hai bila ugonjwa walikuwa 86 kati ya 100, huku waliopasuliwa kwa njia ya kawaida wakiwa 96. Madaktari wengi duniani wamerudi kwenye njia ya kawaida tangu hapo. Hili ni moja ya maeneo machache ambapo cha zamani kimekishinda cha kisasa waziwazi.

Wapo pia ambao picha ilisema tezi ni safi, wakapasuliwa, kisha maabara ikakuta saratani ndani ya tezi. Hawa wanahitaji mionzi na dawa baada ya kidonda kupona, na tiba hiyo inapaswa kuanza ndani ya takriban wiki sita hadi nane. Utafiti uliochapishwa mwaka 2000 ulionyesha kwamba kati ya wanawake wa namna hii, waliopewa mionzi pamoja na dawa, 81 kati ya 100 walikuwa hai baada ya miaka 4, na waliopewa mionzi pekee walikuwa 71. Anayekwenda nyumbani baada ya kushonwa nyuzi na asirudi kuchukua majibu hukosa nafasi hiyo, na hatajua kwamba ameikosa.

Ripoti isikae kwenye droo

Majibu ya maabara baada ya upasuaji huwa na mambo manne ya kuangalia. La kwanza ni tezi: zilitolewa ngapi na ngapi zilikuwa na saratani. Mara nyingi huandikwa kwa tarakimu mbili, mathalani 0/18, maana yake tezi 18 zilikaguliwa na hakuna iliyokutwa na saratani. Mengine ni kama kingo za kipande kilichokatwa ni safi, kama nyama za pembeni zimefikiwa, na kama seli zimeonekana ndani ya vijishipa. Ripoti hizi huandikwa kwa Kiingereza kigumu hata kwa aliyesoma. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inamtaka mhudumu kumweleza mgonjwa hali yake kwa lugha anayoielewa. Kuomba kuelezwa kwa Kiswahili, au kwa lugha ya nyumbani, si kumsumbua daktari.

Kwa mkazi wa Gatina safari kwa kawaida huanzia kituo cha afya kilicho karibu, kama Riruta, kisha hospitali ya kaunti kama Mbagathi, na hatimaye Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta, ambako mionzi ipo. Katika kila daraja karatasi hubadilisha mikono. Ni busara kubaki na nakala ya kila moja.

Mionzi ya nje hutolewa siku tano kwa wiki kwa takriban wiki tano, kila kipindi kikichukua dakika chache tu. Dawa hupewa mara moja kwa wiki baada ya kupima damu na figo. Kisha hufuata mionzi ya ndani, ambapo chombo huwekwa karibu na uvimbe wenyewe. Sehemu hii ya mwisho ndiyo wagonjwa wengi huikwepa kwa aibu au kwa hofu, na bila hiyo tiba huwa haijakamilika. Yote kwa pamoja yanapaswa kumalizika ndani ya wiki nane, kwa sababu siku zinavyorefuka uwezo wa kuumaliza ugonjwa hupungua.

Kwa mwanamke anayefua nguo Lavington kwa malipo ya siku, ratiba hiyo ni nauli ya zaidi ya safari 25 na siku 25 bila kibarua. Hesabu hiyo ifanywe na familia kabla ya siku ya kwanza, isingojewe wiki ya tatu pesa zikiwa zimekatika. Mhudumu wa afya ya jamii wa eneo na afisa wa ustawi wa jamii hospitalini waelezwe mapema kama nauli itakuwa tatizo. Tena kuna kuchelewa kusikotokana na mgonjwa. Mwaka 2016 mashine pekee ya mionzi ya umma nchini Uganda iliharibika katika hospitali ya Mulago, na mpango ukafanywa wa wagonjwa 400 kutibiwa hapa Nairobi katika Hospitali ya Aga Khan. Mashine ikisimama katikati ya tiba, mgonjwa aulize siku zilizopotea zitafidiwa vipi, na asisubiri nyumbani hadi apigiwe simu.

Kuhusu gharama, Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA) ilipochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, kiwango cha matibabu ya saratani kiliwekwa kuwa shilingi 400,000 kwa familia kwa mwaka, na nyongeza ya shilingi 150,000 kutoka hazina ya maradhi sugu kiwango cha kwanza kikiisha. Viwango hurekebishwa, kwa hiyo ofisi ya SHA hospitalini iulizwe kiwango cha sasa, na usajili na malipo ya mwaka yawe sawa kabla ya kulazwa.

Wanawake wa miaka 25 hadi 49 ambao hawajawahi kupimwa wanaweza kupimwa katika vituo vya afya vya umma, kwa kipimo cha siki au cha virusi vya HPV, na wanaoishi na HIV wapimwe mara nyingi zaidi. Wasichana kuanzia miaka 10 hupata chanjo ya HPV, ambayo Kenya iliianza Oktoba 2019.

Anayemaliza matibabu huonekana kliniki kila baada ya miezi mitatu hadi sita kwa miaka miwili ya kwanza, kisha kwa nafasi zaidi hadi mwaka wa tano. Kutokwa na damu upya, maumivu ya mgongo yasiyotulia, au mguu mmoja kuvimba havingojei tarehe ya kadi. Mguu unaweza kuvimba kwa sababu tezi zimetolewa na maji yamekosa njia, na hilo hutulizwa kwa soksi maalumu na mazoezi, lakini unaweza pia kuwa dalili ya damu iliyoganda au ya ugonjwa kurudi, na ni daktari anayeweza kutofautisha. Anayehamia nyumbani mashambani, iwe Kakamega au Murang'a, aondoke na ripoti ya tezi na muhtasari wa mionzi aliyopewa, kwa sababu daktari atakayempokea huko hawezi kupanga lolote bila karatasi hizo.